Kisanduku cha Pili

Nesi Ardis ananipa kikopo chenye kifuniko cha chungwa,
macho yake pembeni, kama kila mwezi,
nami naenda chooni kukojolea swali
ambalo jibu lake tunalijua sote wawili.
Hapana ya Oktoba. Hapana ya Novemba.
Hapana yenye tarehe, saa na sahihi.

Chunusi zilinirudia miezi mitatu baada ya mazishi.
Si vile vipele vya usichana, vya kupakwa unga na kusahauliwa:
haya yalikuwa majipu, yameota kutoka taya hadi shingo,
na foronya yangu kila alfajiri ilikuwa na madoa.
Kazini, kwenye maghala ya ngano, walinipisha njia.
Mama mkwe alisema huzuni haina haya,
ukiifungia moyoni itatokea usoni.

Dakta Vang alisema dawa ipo. Ni kali,
na kwa asiyezaliwa ni kali zaidi.
Akanisomea polepole: masikio yasiyofunguka,
moyo uliokosa ukuta, kichwa kilichojaa maji.
Usimgawie mtu. Usitoe damu, wala wiki nne baada ya kuacha.
Kisha fomu, na visanduku viwili:
cha kwanza, njia mbili za kuzuia mimba, zote kwa pamoja;
cha pili, kutomkaribia mwanamume kabisa.
Nilitia tiki cha pili
haraka, kama mtu anayelipa nauli.
Sikumwambia kuhusu Eino,
kuhusu mashine yake ya theluji na ziwa la Februari,
barafu iliyomwambia ndiyo asubuhi
ikamwambia la jioni.

Kila kidonge kimelala nyuma ya picha:
mwanamke mwenye tumbo, amepigwa mstari mwekundu.
Ili nikitoe, lazima nibonyeze hapo hapo, tumboni,
karatasi ichanike.
Nimemchana mara mia moja sasa,
baada ya mkate wenye siagi, maana dawa yataka mafuta.

Tulikuwa na jina. Lempi, akiwa msichana.
Tulikuwa na ndoo ya rangi ya manjano, bado ipo, imeganda.
Na leo nchi nzima inamlinda Lempi dhidi yangu,
kwa maswali ya kuchagua jibu, kwa vipimo,
kwa siku saba za kuchukua dawa, la sivyo uanze upya.
Mwanzoni nilicheka kwa uchungu.
Halafu Januari, siku ya saba, tufani ikafunga barabara,
na mzee Tuominen akakaa na taa ya famasia yake inawaka
hadi saa tatu usiku, akiningoja nifike kwa miguu.
"Mfumo hauna huruma," alisema, akifuta miwani,
"kwa hiyo inabidi tuwe nayo sisi."
Njiani kurudi nililia, chumvi ikaunguza midomo iliyopasuka,
na nikajua nimekuwa nikiona wivu:
mtoto asiyekuwepo ana walinzi wengi hivi.
Eino hakuwa na hata bango moja ufukweni.

Aprili. Ziwa linavunjika kwa kelele za sahani.
Uso wangu umetulia; una makovu, lakini umetulia.
Mtu anayepima unyevu wa ngano, Anselm,
ameniuliza kama huwa ninakula chakula cha mchana.
Basi. Hilo tu.

Ardis ananipa fomu. Kalamu yangu inasimama hewani.
"Mtu akitaka kubadilisha kisanduku," nauliza, "inakuwaje?"
Kwa mara ya kwanza ananitazama usoni,
mashavuni, machoni, tena mashavuni.
"Anasema mapema. Njia mbili, mwezi mzima, kipimo kingine,
ndipo dawa iendelee."
"Sijasema nimebadilisha. Nimeuliza."
"Sijasikia kitu," anasema Ardis, akinipa kikopo,
na jinsi alivyokinyoosha, kama mtu anayetoa zawadi,
nikacheka, mdomo ukapasuka,
tone moja la damu likadondoka kwenye fomu,
ile ile nisiyoruhusiwa kumpa mtu,
karibu kabisa na kisanduku cha kwanza.